Shahada ya uzamili ya fedha kwa afisa mikopo: ipi inafaa, na nijiandae vipi?

AfisaMikopo_Ziwa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Mimi ni afisa mikopo katika tawi la benki moja hapa Mwanza, na shahada yangu ya kwanza ni ya biashara, mchepuo wa uhasibu. Kila siku ninapokea maombi ya wafanyabiashara wa dagaa, mchele na vifaa vya ujenzi, ninatembelea maduka na maghala yao, ninaandaa taarifa ya mkopo, kisha ninaitetea mbele ya kamati. Ninaipenda kazi hii, lakini nimefika mahali ambapo ninajaza fomu ambazo hesabu zake zimefanywa na watu wengine makao makuu. Mfumo unaniambia mteja yuko katika kundi gani la vihatarishi, unaonyesha kiasi ambacho benki inapaswa kutenga kwa ajili ya mkopo wake, na mkaguzi akiniuliza kiasi hicho kimepatikanaje, ninachoweza kumjibu ni kwamba ndivyo mfumo ulivyotoa. Ningependa kuhamia idara ya vihatarishi, au idara ya hazina inayonunua na kuuza dhamana za Serikali, yaani hati za kuikopesha Serikali, na nafasi zote za namna hiyo ninazoziona zikitangazwa zinampa kipaumbele mwenye shahada ya uzamili.

Nina mambo manne yanayonisumbua. La kwanza, sielewi kama nisome uzamili wa fedha wenyewe, au MBA (uzamili wa uongozi wa biashara) yenye mchepuo wa fedha, au niachane na vyote nimalizie mitihani ya CPA, cheti cha kitaalamu cha uhasibu. La pili ni hesabu: niliziacha kidato cha sita, na chuoni nilisoma zile za msingi tu, kwa hiyo nikifungua vitabu vya masomo haya na kukutana na kurasa zilizojaa alama ninapata hofu ya kweli. La tatu ni kama inafaa kusoma hapa nchini huku ninafanya kazi, au kutafuta ufadhili wa kwenda Uingereza kwa mwaka mmoja, nikizingatia kwamba mimi ni mama wa mtoto anayeanza shule ya awali. La nne ni tasnifu, kwa sababu ninawafahamu watu waliofaulu masomo yote ya darasani, wakakwama kwenye tasnifu kwa muda mrefu kuliko walioutumia darasani.

Nitashukuru kwa ushauri wa yeyote aliyepita njia hii.

Mwalimu_Uwekezaji alijibu:

Ndugu muuliza swali, nimefundisha masomo ya fedha ngazi ya uzamili kwa muda mrefu, na swali lako limenifurahisha kwa sababu umeanza na jambo ambalo waombaji wengi hawalisemi, yaani kazi unayotaka kuifanya baada ya kuhitimu. Nitaanza na hofu ya hesabu, kwa kuwa ndiyo inayowarudisha nyuma watu wenye uwezo.

Sehemu kubwa ya uzamili wa fedha inasimama juu ya wazo moja, kwamba shilingi utakayoipata mwakani haina thamani sawa na shilingi uliyonayo leo, na kwamba tofauti kati ya hizo mbili inaweza kupimwa. Chukua mkopo wa aina unayoiona mezani kwako, wa shilingi 1,200,000 unaolipwa kwa miezi 12 kwa riba bapa ya asilimia 2 kwa mwezi. Riba yote ni shilingi 288,000 na rejesho la kila mwezi ni shilingi 124,000. Mkopaji anaondoka akiamini kwamba gharama ya mkopo ni asilimia 2, lakini deni lake linapungua kila mwezi, ilhali riba inaendelea kutozwa juu ya deni zima la mwanzo. Ukitafuta kiwango kinachoifanya thamani ya sasa ya marejesho yote 12 ilingane na zile 1,200,000 alizopokea, utapata takriban asilimia 3.5 kwa mwezi juu ya salio. Ukiweza kukifikia kiwango hicho mwenyewe katika Excel, na kumweleza mwenzako kwa nini si asilimia 2, umeshika zana ambayo utaitumia katika karibu kila somo.

Zana hiyo hiyo ndiyo inayotoa bei ya hatifungani, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji. Hatifungani ya miaka 2 yenye thamani ya shilingi 100, inayolipa shilingi 10 kila mwisho wa mwaka, haiuzwi kwa shilingi 100 ikiwa soko linataka asilimia 12. Malipo ya mwaka wa kwanza yana thamani ya shilingi 8.93 leo, na shilingi 110 za mwaka wa pili zina thamani ya shilingi 87.69, hivyo bei ni shilingi 96.62. Mtu wa idara ya hazina hukokotoa jambo hili mchana kutwa, ila kwa hatifungani za muda mrefu zaidi. Serikali yetu ilianza kuuza za miaka 25 mwaka 2021, na kadiri muda unavyorefuka ndivyo bei inavyotikisika riba ya soko inapobadilika hata kidogo.

Sasa nije kwenye kile kiasi ambacho mfumo wako unakionyesha bila maelezo. Tangu tarehe 1 Januari 2018 benki zinafuata kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha, IFRS 9, kinachozitaka zitenge hasara inayotarajiwa hata kabla mkopaji hajachelewesha rejesho lolote, wakati kiwango cha zamani kilisubiri mpaka dalili ya hasara ionekane. Kwa maneno mepesi, huzidishwa vitu vitatu: uwezekano wa mkopaji kushindwa kulipa, sehemu ya fedha ambayo benki itaipoteza baada ya kuuza mali aliyoiweka mkopaji kama dhamana, na kiasi kinachodaiwa. Mkopo wa shilingi 20,000,000 wenye uwezekano wa asilimia 5 na hasara ya asilimia 40 hutengewa shilingi 400,000. Mkopo ambao haujaonyesha tatizo hupimwa kwa miezi 12 ijayo tu. Kihatarishi chake kikionekana kimepanda sana tangu ulipotolewa, hupimwa kwa muda wote uliobaki, na hapo ndipo utaona kiasi kikiruka ghafla hata kama mteja bado analipa. Kuzidisha hakumpi mtu shida. Kazi ngumu, ambayo ndiyo sababu ya kwenda darasani, ni kuipata ile asilimia 5 kwa njia inayoweza kutetewa, na hilo linahitaji takwimu na rigresheni, yaani njia ya kupima jinsi kitu kimoja kinavyobadilika pamoja na vingine.

Jambo jingine utakalolifurahia ni nadharia ya mseto wa uwekezaji, iliyoanza na makala ya Harry Markowitz ya mwaka 1952. Alionyesha kwamba kihatarishi cha kitu kimoja hakipimwi peke yake, bali hupimwa kwa namna kinavyopanda na kushuka pamoja na vingine ulivyonavyo. Wewe unayajua haya kwa macho kabla ya kuyajua kwa alama. Mwezi unapong'aa, taa za wavuvi haziwavuti dagaa, mitumbwi hukaa ufukweni, na wateja wako wote wa dagaa hukosa mzigo katika juma lile lile, kuanzia mwenye mtumbwi hadi mwenye ghala. Benki yenye mikopo 50 ya dagaa katika ziwa moja haina mikopo 50 inayojitegemea, na kwa sehemu kubwa imekopesha biashara moja mara 50. Mwanafunzi anayeingia darasani na picha hiyo kichwani anaielewa fomula ya uwiano wa mabadiliko haraka kuliko aliyekariri.

Kwa hiyo ushauri wangu juu ya swali la kwanza ni uzamili wa fedha wenyewe. MBA ni shahada nzuri kwa anayekwenda kuongoza watu, kwa kuwa inamgusisha masoko, rasilimali watu, mikakati na fedha kidogo kidogo, lakini kwa anayetaka kukaa idara ya vihatarishi au hazina, masomo mawili au matatu ya fedha ndani ya MBA hayatoshi. Kabla ya kuanza, tumia miezi iliyobaki kurudia mambo matatu tu: takwimu za msingi pamoja na rigresheni, kanuni za kutafuta mteremko wa mkunjo, na matumizi ya Excel kwa kujenga jedwali lako mwenyewe badala ya kujaza la mtu mwingine. Usianze na kitabu cha darasani cha uzamili. Anza na kitabu cha takwimu cha mwaka wa kwanza wa chuo, fanya mazoezi yake yote kwa kalamu, ndipo uhamie kwenye kompyuta.

CPA_Ilala alijibu:

Namheshimu Mwalimu kwa maelezo yake, lakini ningependa dada yetu asikie na upande wa pili.

Uzamili hauleti leseni. Nchi hii, anayetaka kusaini taarifa ya ukaguzi wa hesabu lazima awe amesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na hakuna shahada ya chuo kikuu inayochukua nafasi ya usajili huo. Katika matangazo mengi ya kazi za uhasibu na ukaguzi wa ndani, zikiwemo za taasisi za umma, CPA imeandikwa kama sharti, huku uzamili ukitajwa kama sifa ya ziada. Aidha, mitihani ya bodi hufanyika Mei na Novemba, unalipia kwa awamu, na unaweza kuendelea kukaa Mwanza na mtoto wako bila kuomba likizo ya masomo. Mtu ambaye ameshaanza mitihani hiyo, kisha akaiacha katikati ili aende kwenye uzamili, mara nyingi hairudii tena. Kama umebakiza hatua moja ya mwisho, ningekushauri uimalize kwanza ndipo ufikirie chuo.

Hata hivyo ninakiri kwamba CPA haikufundishi kujenga modeli ya uwezekano wa kushindwa kulipa, wala haikufundishi kupanga mseto wa dhamana. Kwa idara ya hazina na uwekezaji, cheti cha kitaalamu kinachokaribiana na masomo hayo ni CFA, chenye ngazi tatu za mitihani na sharti la saa 4,000 za uzoefu wa kazi unaohusika. Taasisi inayokitoa yenyewe inapendekeza mtahiniwa ajisomee kwa takriban saa 300 kwa kila ngazi, na saa hizo si za kupuuza kwa mama anayefanya kazi. Faida yake ni kwamba kinatambulika Nairobi, Johannesburg na London kwa jina lile lile.

Mhitimu_Uingereza alijibu:

Nitajibu swali la tatu, kwa kuwa nilisoma uzamili wa fedha Uingereza na kurudi nyumbani.

Kozi nyingi za huko ni za miezi 12, na muda huo ni mfupi kuliko unavyosikika. Masomo huanza Septemba au Oktoba, na kwa mihula miwili unasoma masomo ambayo hapa yangesambazwa katika kipindi kirefu zaidi, mitihani inaangukia Januari na kati ya Aprili na Juni, kisha kiangazi chote kinakuwa cha tasnifu. Wiki za mwanzo ndizo zinazoumiza. Nilikaa na vijana waliotoka moja kwa moja kwenye shahada za hisabati na uchumi, ambao somo la ekonometriki, yaani takwimu za uchumi na fedha, kwao lilikuwa marudio, wakati mimi nilikuwa ninajifunza kwa mara ya kwanza maana ya kosa sanifu, kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kupotoka. Maneno ya Mwalimu kuhusu kujiandaa mapema yana uzito mara mbili kwa anayekwenda huko, kwa sababu hakuna nafasi ya kupumua kabla ya mtihani wa kwanza. Lakini upande wa uzoefu wa kazi niliwazidi wengi wao. Tulipofundishwa uchambuzi wa mikopo, mimi nilikuwa nimeshamwona mtu anayeonyesha faida nzuri kwenye vitabu huku ghala lake likiwa tupu, na wao walikuwa hawajamwona.

Kuhusu ufadhili, Chevening, ambao ni ufadhili wa Serikali ya Uingereza, inahitaji angalau miaka miwili ya uzoefu wa kazi, hulipa ada, posho ya kujikimu na nauli, na humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili. Upo pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaotolewa kwa kushirikiana na vyuo vya Uingereza, unaowalenga watu wasioweza kujilipia, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazohusika. Katika yote miwili, insha ndiyo inayopima mwombaji. Usiandike kwamba unapenda fedha tangu utotoni. Andika kuhusu wafanyabiashara wa dagaa, eleza ni kitu gani katika upimaji wa vihatarishi kinawanyima mikopo au kuwapandishia riba, na utafanya nini utakaporudi. Wasomaji wa insha hizo wanapokea maelfu ya sentensi za jumla, na mtu mwenye tatizo mahususi la mahali mahususi anaonekana mara moja.

Juu ya mtoto sitaki kukudanganya. Kumwacha mtoto wa umri huo kwa mwaka mzima ni uamuzi wa familia nzima, si wa mwombaji peke yake, na posho ya ufadhili imekusudiwa mtu mmoja. Zungumzeni nyumbani kabla hujajaza fomu, si baada ya kupata barua ya kukubaliwa. Ukienda, kumbuka kwamba cheti cha nje kinapaswa kuwasilishwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ili kitambuliwe, na taasisi za umma hukiuliza kibali hicho. Tunza mihtasari ya masomo pamoja na matokeo yako, kwa sababu kuyafuatilia ukiwa umesharudi kunachosha.

AfisaMikopo_Ziwa aliandika:

Shikamoo Mwalimu, na nawashukuru wote. Nimelifanya zoezi la riba bapa katika Excel na jibu limetoka kama ulivyosema. Nimeonyesha kwa wenzangu ofisini, na mmoja wao amekuwa akiwaeleza wateja kwa miaka yote kwamba asilimia 2 ni asilimia 2.

Kwa CPA_Ilala, nimefika hatua ya kati tu ya mitihani ya bodi, kwa hiyo bado ninapima. Ninaelekea zaidi kwenye kusoma hapa nchini. Lakini naomba mnisaidie kwenye tasnifu. Nimepitia orodha ya tasnifu za chuo kimojawapo, na nyingi zina vichwa vinavyofanana, kuhusu sababu zinazoathiri utendaji wa benki za biashara, zikitumia madodoso kwa wafanyakazi wa benki. Je, hiyo ndiyo njia inayotarajiwa? Na je, ninaweza kutumia bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam kupima kihatarishi cha hisa za benki?

Mwalimu_Uwekezaji alijibu:

Marahaba, binti. Umeuliza swali ambalo ningependa kila mwanafunzi alifikishe kwangu kabla ya kusajiliwa, badala ya kulileta mwishoni mwa mwaka.

Dodoso si kosa, ila limetumika mahali lisipofaa. Ukimuuliza mfanyakazi wa benki kama mikopo chechefu, yaani isiyolipwa ipasavyo, inapunguza faida, atachagua "nakubaliana sana", na hutakuwa umejua chochote ambacho mizania haikukwambia tayari. Dodoso linafaa pale unapotafuta jambo lililo ndani ya vichwa vya watu, kwa mfano kwa nini mfanyabiashara anaacha benki na kwenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Kwa maswali ya faida, vihatarishi na bei, tumia namba zilizotokea. Benki zote nchini zinatakiwa kuchapisha taarifa zao za fedha kila robo mwaka, na humo utakuta mikopo iliyotolewa, mikopo chechefu, amana, mtaji na faida. Benki Kuu huchapisha matokeo ya minada ya dhamana za Serikali. Vyote hivyo vinapatikana bila kumwomba mtu ruhusa, na ni ajabu jinsi vinavyotumika kidogo.

Juu ya Soko la Hisa, inawezekana, lakini uwe makini sana. Soko letu lilianza biashara mwaka 1998 likiwa na kampuni moja, TOL, na mpaka leo hisa nyingi hukaa siku nyingi bila mtu kuzinunua wala kuziuza. Hisa za NMB zimo sokoni tangu 2008 na za CRDB tangu 2009, na hizo zina historia ya kutosha. Tatizo ni hili: kipimo cha beta, kinachotokana na kazi ya William Sharpe ya mwaka 1964, kinalinganisha mwenendo wa hisa na mwenendo wa soko zima. Hisa isiyouzwa hubaki na bei ya jana hata kama habari za leo zimeibadilisha thamani yake, na habari hizo zitaonekana kwenye bei siku ya mauzo yanayofuata, wakati soko limeshapita. Ukikokotoa beta kwa bei za kila siku bila kujali hilo, utapata namba ndogo na utaandika kwamba hisa hiyo ina kihatarishi kidogo, ilhali ukweli ni kwamba haina wanunuzi. Tatizo hili linajulikana tangu miaka ya 1970, na Scholes na Williams mwaka 1977, kisha Dimson mwaka 1979, walipendekeza njia za kulirekebisha, kwa kuingiza pia mwenendo wa soko wa siku zilizotangulia na zinazofuata. Tasnifu inayokokotoa beta ya hisa chache za Dar es Salaam kwa njia ya kawaida na kwa njia ya Dimson, ikaeleza tofauti inayoonekana na maana yake kwa mfuko wa pensheni unaozinunua hisa hizo, ingekuwa na thamani kuliko madodoso 200.

Lakini kwa mtu wa nafasi yako kuna jambo bora zaidi. Tafuta tarehe ambayo kanuni ilibadilika, kisha uangalie kilichotokea kabla na baada yake. IFRS 9 ya mwaka 2018 ni tarehe moja. Nyingine ni Januari 2024, Benki Kuu yetu ilipoacha kuongoza sera yake kwa kiasi cha fedha na kuanza kutumia riba yake kama kiongozi, ikianza na asilimia 5.5 na kuipandisha hadi asilimia 6 Aprili mwaka huo. Je, riba za mikopo ya wafanyabiashara wadogo zilisogea riba hiyo iliposogea, au zilikaa palepale? Swali kama hilo lina mwanzo, lina data, na watu watataka kulisoma jibu lake.

Mchambuzi_Nairobi alijibu:

Naunga mkono hoja ya Mwalimu kuhusu tarehe, kwa mfano wa huku kwetu Kenya. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria iliyoweka ukomo wa riba za mikopo kuwa pointi 4 za asilimia juu ya riba ya Benki Kuu, na ukomo huo ukaondolewa Novemba 2019. Wanafunzi wa uzamili wa fedha hapa Nairobi waliukuta wakiwa na swali lililo tayari mikononi mwao, na wale waliolichukua waliweza kuonyesha, kwa namba za benki zenyewe, jinsi fedha zilivyohamia kwenye dhamana za Serikali na jinsi mkopaji mdogo asiye na dhamana alivyoachwa nje. Kipindi chenye mwanzo na mwisho unaojulikana ni hazina kwa mtafiti, kwa sababu huhitaji kubishana sana kuhusu lini jambo lilianza. Afisa Mikopo anaweza kulinganisha nchi hizi mbili akitaka, kwa kuwa Tanzania haikuweka ukomo wa aina hiyo katika miaka ile, ingawa msimamizi wake atamtaka aeleze tofauti nyingine zilizopo kati ya masoko haya.

Mhitimu_Jioni alijibu:

Nilisoma uzamili wa fedha kwa masomo ya jioni Dar es Salaam nikiwa mfanyakazi wa benki, kwa hiyo nitaongeza mambo mawili ambayo hayajaguswa.

La kwanza ni mahali pa kusoma. Dar es Salaam utapata IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, pale katikati ya jiji, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Mlimani, na kampasi ya Mzumbe, na kila kimoja kina uzamili unaohusu fedha, au uhasibu na fedha. Usichague kwa jina. Omba mtaala, hesabu ni masomo mangapi yanahusu ekonometriki, dhamana na vihatarishi, na ni mangapi ni ya uongozi wa jumla, kisha uulize ni walimu wangapi wanasimamia tasnifu za fedha na kila mmoja ana wanafunzi wangapi kwa sasa. Swali hili la mwisho ndilo linaloamua kama utamaliza kwa wakati, na ofisi ya masomo ya uzamili inaweza kukujibu. IFM ina kampasi Mwanza pia, kwa hiyo fika hapo kwanza uulize ngazi ya uzamili inayofundishwa mwaka unaotaka kuanza, kabla hujaomba uhamisho. Ukija Dar, panga nyumba kwa kufikiria njia ya kutoka kazini kwenda chuoni saa kumi na moja jioni, kwa sababu somo la kwanza la jioni ndilo hupotea barabarani, na mara nyingi ndilo lenye hesabu.

La pili ni data za ofisini. Nimeona wenzangu wakipanga tasnifu nzima juu ya mikopo ya benki yao, wakapewa ahadi ya mdomo na meneja wa tawi, kisha meneja akahamishwa. Historia ya marejesho ya wateja wako wa dagaa ingekuwa data adimu sana, hasa ukiilinganisha na vipindi vya mbalamwezi kama Mwalimu alivyodokeza, lakini si mali yako wala ya meneja wa tawi. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na kabla yake usiri wa mteja wa benki ulikuwa tayari wajibu wa kila mfanyakazi. Andika barua makao makuu, kwa idara ya vihatarishi yenyewe, sasa hivi kabla ya kuomba chuo. Eleza swali lako kwa ukurasa mmoja, omba takwimu zisizo na majina, namba za simu wala namba za akaunti, zenye tarehe ya mkopo, kiasi, aina ya biashara, wilaya na siku za ucheleweshaji tu, na ahidi kuwapa matokeo kabla ya kuyawasilisha chuoni. Wakikubali, utakuwa na barua ya kuambatanisha kwenye pendekezo la utafiti. Wakikataa, utakuwa umejua mapema na utatumia taarifa za robo mwaka zilizokwisha kuchapishwa. Na katika hali zote mbili, idara unayotaka kuhamia itakuwa imelisoma jina lako pamoja na swali lako.

AfisaMikopo_Ziwa aliandika:

Nimewaelewa. Wiki hii ninakwenda kampasi ya IFM kuuliza, na rasimu ya barua nimeianza. Mwalimu, nitaomba kuiweka hapa ile sehemu ya swali la utafiti kabla sijaituma, ili uione kama data nilizoziorodhesha zinatosha kuupima ule uwiano wa wateja wa ziwa moja.

Mwalimu_Uwekezaji alijibu:

Iweke. Ongeza safu moja katika orodha yako: mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, ambao mteja anachukulia mzigo. Wilaya pekee haitakuonyesha nani anategemea mitumbwi ile ile.